Mkalimani wa Miaka Tisa

Alikuja saa nane mchana, siku ya kwanza ya likizo, amemshika mkono mdogo wake. Mama yao alikuwa nyuma, amembeba wa tatu. Mimi nilikuwa mezani pa usajili na rundo la fomu mbele yangu, na nyuma yangu watoto wapatao arobaini walikuwa wameshaanza zile kelele ninazozipenda.

Nikampa mama fomu. Mama akaitazama, akampa mwanawe.

Yule mtoto akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kila alipomaliza swali alinyanyua uso, akamuuliza mama kwa lugha yao, akasubiri, akaandika kwa herufi kubwa zilizolala upande. Tarehe za kuzaliwa za wadogo zake alizijua kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisa; aliijaza mbele ya macho yangu.

"Hodari kweli wewe," nikamwambia, na nilimaanisha.

Mdogo wake akachomoka mbio kuelekea kwenye kamba. Naye akageuka amfuate. Hapo hapo akaingia mama mwingine, jirani yao, wa lugha ile ile. Nikamtazama mtoto. Sikumwomba kwa maneno. Nilimsogezea fomu tu.

Akarudi.

Ukurasa wa pili una swali linalouliza kama mtoto ana tatizo lolote la kiafya au la kitabia ambalo wahudumu wanapaswa kulijua. Alipolifikia alisita. Akalisoma tena kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Kisha akamuuliza yule mama kwa sauti ya chini. Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama sakafu, akajibu neno moja. Mtoto akaandika: *Hapana*.

Akaja mama wa tatu, na wa nne. Saa kumi na moja tulipoanza kukunja kamba na kuokota mipira, alikuwa bado kasimama pembeni ya meza yangu, vidole vina wino. Hakuwa amegusa kitu.

Wakati wa kuondoka akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kesho nitaandika tena, au nitacheza?"

Ni wiki saba sasa, na swali hilo halijaniachia.

## Wote mnakaribishwa

Nimejitolea kwenye huduma za michezo ya watoto kwa miaka kadhaa. Nikisema michezo sina maana ya ligi, jezi na vikombe. Nasema kucheza kwenyewe: kuruka, kujificha, kujenga kibanda na kukibomoa, kugombana na kupatana, mtoto akiamua mwenyewe anafanya nini na anaacha lini. Kazi ya mtu mzima hapo ni kuandaa mahali, vifaa na usalama, kisha kukaa kando.

Muda wote huo nimejivunia mlango wetu. Hatutozi ada. Hatumfukuzi mtu. Bango la nje limeandikwa "Wote mnakaribishwa", na maua ya pembezoni niliyachora mimi.

Bango hilo lina lugha moja.

Ratiba imebandikwa kwenye ubao ulio ndani ya ukumbi, kwa hiyo ili uisome lazima uwe umeshaingia. Nafasi za likizo hutangazwa kwenye kundi la simu ambalo wazazi huingizana wenyewe kwa wenyewe, na kabla ya jioni zimekwisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kwa nia ya kumzuia mtu. Ila ukivipanga pamoja, vinamzuia yule yule kila mara.

Usiku wa siku ile nilifungua daftari la mahudhurio nikapitia majina ya mwaka mzima. Ng'ambo ya barabara kubwa kuna majengo ya ghorofa wanakoishi familia nyingi za makabila yaliyo machache hapa kwetu. Ukipita pale jioni unaona watoto madirishani, watoto ngazini, watoto kila kona. Kwenye daftari, kutoka kule, nilipata majina sita.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Sisi tuliligeuza kuwa utaratibu wa kazi: tukahesabu waliokuja, tukawauliza waliokuja kama wameridhika, wakasema wameridhika, tukaandika kwamba huduma inawafikia watoto wote wa eneo. Ripoti hiyo niliiandika kwa mkono wangu.

## Maneno mawili

Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto nilikuwa naijua kama mtu anavyojua anwani ya nyumbani kwake. Umoja wa Mataifa uliupitisha mkataba huo Novemba 20, 1989, na nchi wanachama zote zimeuridhia isipokuwa Marekani. Ibara inasema mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa. Nimeisema semina ngapi, nimeiandika kwenye vipeperushi vingapi.

Safari hii niliisoma polepole, na nikakwama kwenye fungu lake la pili. Hapo nchi zinatakiwa kuhimiza fursa *zinazofaa na zilizo sawa*.

Maneno mawili. Mimi miaka yote nilikuwa nimeshika moja.

Usawa tulikuwa nao. Fomu ile ile kwa kila mtu, saa zile zile, lugha ile ile, kanuni ile ile ya mzazi kuishia getini. Kufaa ndiko hatukuwa nako, wala hatukuwa tumekuuliza. Nilikuwa nikiamini kwamba kumtendea kila mtu sawasawa ndiyo haki yenyewe, na mtu angeniambia tunabagua ningeumia sana.

Mwaka 2013 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, inayofuatilia utekelezaji wa mkataba huo, ilitoa Maoni ya Jumla namba 17 kuifafanua ibara hiyo, na ikawataja kwa makusudi watoto ambao haki hii huwaponyoka: wasichana, watoto maskini, wenye ulemavu, watoto wa jamii asilia, watoto wa makundi ya wachache. Kama mlango wazi ungetosha, orodha hiyo isingehitajika. Na ukurasa mmoja kabla ya ibara ya 31 kuna ya 30, inayosema mtoto wa jamii ya wachache asinyimwe utamaduni wake, dini yake na lugha yake akiwa pamoja na wenzake. Nilikuwa naziona kama habari mbili zisizojuana. Sasa naona mtoto mmoja anaweza kupoteza zote mbili mchana mmoja, mezani kwangu.

## "Hawa hawapendi michezo"

Wiki ya pili nilileta jambo hili kwenye kikao chetu. Mwenzangu mmoja, mtu mwema ambaye amefanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko mimi, akasema kwa upole: "Jamii hizi hawathamini sana michezo. Wao ni masomo na dini."

Sikumjibu, kwa sababu miaka miwili nyuma niliwahi kusema maneno hayo hayo.

Jumamosi iliyofuata nikavuka barabara kubwa. Nilikwenda kwa dada mmoja anayewafundisha watoto wa jamii ile lugha ya nyumbani, katika chumba kidogo cha chini. Kabla sijafika kwake nilipita ngazini. Watoto saba walikuwa wamegawana vidato: aliyekuwa chini kabisa alirusha kofia ya chupa, na palipotua pakaamua nani apande na nani ashuke. Kanuni zilikuwa nyingi kuliko nilivyoweza kuzifuata. Binti wa miaka kama minne alitetea hoja yake kwa ukali mpaka wakubwa wakakubali kurudia.

Nikasimama pale muda mrefu.

Dada yule alinipa kiti. Nikamweleza kilichonileta, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema: "Dada yangu, karibu sana. Ila mwaka juzi pia walikuja watu kutuuliza maswali haya. Walikuja na mradi wa miezi minane. Watoto walipoanza kuzoea, mradi ukaisha, na hakuna aliyerudi hata kutuambia umeisha."

Nililipokea. Fedha za huduma hizi mara nyingi huja kwa vipande: mwaka mmoja, miezi kumi, msimu mmoja. Kuaminiana hakujengeki kwa kalenda hiyo. Kipindi kinachohitajika mpaka mama akubali kumwacha mtoto mikononi mwako ndicho kipindi ambacho mradi unaandika ripoti ya kufunga.

## Waliyoyasema akina mama

Alinikutanisha na akina mama watano. Safari hii nilikwenda na mkalimani mtu mzima, aliyelipwa kwa saa zake. Nilidhani nitasikia habari za lugha. Lugha ilitajwa, lakini mwisho mwisho.

Wa kwanza alizungumzia fomu. Tunauliza anwani, mahali alipozaliwa mtoto na watu wazima wanaoishi naye. Kwangu hayo ni ya dharura, mtoto akiumia. Kwa familia inayosubiri majibu ya makaratasi yake ya ukaazi, ni mtu asiyemjua anayehesabu watu nyumbani kwake. Akaniuliza karatasi zile zinalala wapi usiku na nani ana ufunguo. Swali la haki kabisa, na ilinibidi niende kuulizia jibu lake.

Wa pili akasema Jumamosi asubuhi, siku yetu kubwa, ndiyo siku ya darasa la lugha. Tulikuwa tumempangia mzazi achague kati ya mtoto kucheza na mtoto kuzungumza na bibi yake.

Wa tatu alitaja barabara, na kona ambapo vijana waliwahi kuwazomea na kuwatupia makopo. Kituo chetu kiko dakika kumi kwa miguu. Yeye hupima umbali huo kwa namna nyingine.

Wa nne ana mabinti wa miaka kumi na moja na kumi na tatu. Alitaka kujua kama kuna wahudumu wanawake siku zote, au siku moja moja tu, na kama anaweza kuketi ndani mpaka wamalize. Kanuni yetu inasema mzazi aondoke. Tuliiweka ili watoto wawe huru, na bado naamini mtoto hucheza vizuri zaidi asipochungwa na macho ya mama. Lakini kanuni hiyo inadhani mama anatujua.

Wa tano alikaa kimya mpaka wenzake walipokuwa wanaamka.

Akasema mwanawe alikuja kwetu mara mbili. Mara ya pili watoto wawili walimwambia harufu yake mbaya na arudi kwao. Alimwendea mhudumu, mhudumu akamwambia, "Ah, watoto hutaniana." Hakuja tena. Yeye mama hakulalamika. Angelalamika kwa nani, na kwa lugha gani?

Nilirudi kituoni nikafungua daftari la matukio. Nililipata. Mstari mmoja: *Ugomvi mdogo wa watoto. Umesuluhishwa.*

Umesuluhishwa. Mtoto aliondoka na hakurudi, na sisi tukaona amani.

Haya ya wa tano ndiyo yaliyonigeuza. Mpaka pale nilikuwa nafikiri tatizo ni watu wasiofika kwetu. Huyu alifika. Alivuka barabara ile na kona ile, akaingia kwenye mlango niliouchorea maua, na tulichompa ndani ndicho kilichomrudisha.

## Saa yao peke yao?

Wale akina mama waliomba kitu kimoja: kipindi chao, siku moja kwa wiki, na mhudumu anayejua lugha yao.

Hapa nilikwama, na sitaki kuficha kwamba nilikwama kwa muda. Nilichokipenda katika kazi hii ni ule mchanganyiko: mtoto huyu na yule, ambao wazazi wao wasingepeana hata salamu, wanashirikiana kusukuma tairi moja. Nikitenga saa, je, si nawagawa kwa mikono yangu mwenyewe? Na wale wengine watajifunza nini kwa kuona wenzao wana siku yao ya pembeni? Kikaoni kuna aliyesema waziwazi kuwa huo ndio ubaguzi, na wala hakuwa na nia mbaya.

Nililala na jambo hilo karibu wiki nzima. Kilichonifungua ni kukumbuka vipindi ambavyo tayari tunavyo. Kila Jumatano asubuhi tunao watoto wa chini ya miaka mitatu peke yao. Hakuna aliyewahi kusema tunawabagua wenye miaka kumi. Tunajua mtoto mdogo akiingizwa moja kwa moja katikati ya wakubwa atajikunyata ukutani, kwa hiyo tunampa kwanza mahali pa kusimama. Tofauti ni kwamba udogo wa umri tunauona kwa macho. Udogo wa kuwa mmoja kati ya arobaini, bila neno la kumwambia mwenzako "nirushie", hatukuuona.

Kwa hiyo nikaunga mkono kipindi chao. Niliunga mkono pia kisiwe peke yake, na siku za wote zibadilike. Kipindi cha pembeni kikiwepo huku siku kubwa ikibaki vilevile, tutakuwa tumewahamishia chumba cha nyuma. Sijatulia moja kwa moja. Ikifika mwaka wa tatu na watoto wale hawajaanza kuonekana siku za wote, nitajua tumekosea mahali.

## Maboksi

Mwaka 1943, katika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, uliokuwa chini ya jeshi la Ujerumani, uwanja wa aina mpya uliobuniwa na msanifu wa bustani Carl Theodor Sørensen ulifunguliwa huko Emdrup. Alikuwa ameona watoto wanacheza kila mahali isipokuwa kwenye viwanja alivyowabunia. Basi akawapa mbao, matairi, matofali na vyuma chakavu, wajijengee wenyewe. Miaka mitatu baadaye Lady Allen wa Hurtwood, Mwingereza mtetezi wa watoto, aliuona, akarudi Uingereza na kupigania viwanja kama huo kwenye vifusi vya mabomu.

Habari hiyo husimuliwa sana kwa ajili ya mbao na matairi. Mimi siku hizi navutiwa na mwanzo wake: mtu mwenye taaluma alikubali kwamba viwanja vyake vizuri havikuwa na watoto, na hakuwalaumu watoto.

Tukaamua kwenda sisi. Alhamisi jioni tulibeba maboksi makubwa ya friji na ya runinga, kamba, mashuka makuukuu na vibanio vya nguo, tukaviweka kwenye uwanja wa saruji katikati ya yale majengo. Hatukupeleka fomu. Hatukupeleka bango. Yule dada wa darasa la lugha alikuwepo, na akina mama walikaa kwenye ngazi wakiona kila kitu.

Dakika kumi za mwanzo hakuna aliyegusa.

Kisha yule binti mdogo wa ngazini akaingia ndani ya boksi la friji, akajifungia. Wakubwa wakaligonga. Naye akajibu kwa kugonga. Likageuka mchezo ambao hadi leo siujui kanuni zake, na haukuhitaji mkalimani. Tumerudi Alhamisi zote tangu hapo, hata ile ya mvua, tulipofika watu wazima watatu tukakuta watoto wanne wanatungoja chini ya paa.

Kwenye fomu tulifuta maswali matatu. Tuligundua hakuna aliyewahi kuyatumia.

## Wajibu wa nani

Kuna jambo linaniudhi, nami nataka kulisema. Yote niliyoeleza yamefanywa na watu wachache wa kujitolea na dada mmoja mwenye chumba cha chini. Siku akichoka, kila kitu kinasimama. Huduma haiwezi kutegemea mgongo wa mtu mmoja, tena mtu wa jamii ile ile iliyoachwa nje, ambaye kila taasisi ikitaka "kuwafikia" hupiga simu yake na kudhani atafanya bure.

Wales ilitangulia kuweka wajibu huo kisheria. Sheria yake ya mwaka 2010 kuhusu watoto na familia inazitaka halmashauri zipime kama watoto wa eneo lao wana fursa za kutosha za kucheza, kisha zihakikishe zinatosha kadiri inavyowezekana. Tathmini hiyo inapaswa kuangalia pia mahitaji mbalimbali ya watoto. Ninachokipenda pale ni swali lilivyogeuzwa. Unaanza na watoto wote walioko, uulize kila mmoja ana wapi pa kucheza. Ukianza na hilo, madirisha ya ng'ambo ya barabara yanaingia kwenye hesabu kabla hujafungua daftari la mahudhurio.

Sheria haimkaribishi mama ndani. Lakini huipa halmashauri sababu ya kumlipa mkalimani.

## Kumi na mbili na nusu jioni

Yule mtoto alirudi wiki ya tano, siku ya wote. Sasa tuna mkalimani mezani, kijana mwenye ndevu chache na subira nyingi. Mama akajaza fomu fupi kwa kuongea naye, bila kumtazama mwanawe hata mara moja.

Mtoto hakuondoka. Alisimama pale pale pembeni ya meza, mikono nyuma. Akija mama mwingine, alisogea hatua moja mbele. Nilimwambia aende kucheza, akatikisa kichwa kwa heshima, akabaki. Siku iliyofuata vilevile. Hilo sikuwa nimelitegemea: tulimwondolea kazi, naye akaendelea kuripoti kazini.

Siku ya tatu, ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu na jua limeshashuka, mkalimani alimwinamia akamwambia kitu kwa lugha yao. Maneno machache tu. Mtoto akamtazama usoni, akatazama fomu, akanitazama mimi. Kisha akavua viatu, akaviweka chini ya meza, kimoja kando ya kingine, na akaenda kwenye kamba. Kwanza kwa kutembea. Halafu kwa kukimbia.

Nikamuuliza mkalimani alimwambia nini.

"Nimemwambia, hiki ni kiti changu."